Kuridhia Mikataba ya Kimataifa: Kazi ya Bunge na Korosho Zetu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Masasi na Newala)



Wengi wetu tukisikia "mkataba wa kimataifa" tunadhani ni mambo ya Dodoma na Dar es Salaam. Sivyo. Unagusa hata gunia la korosho ghalani.

Serikali ndiyo inayojadiliana na kutia saini. Lakini Katiba, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kwa mikataba hiyo, saini peke yake haitoshi.

Chukueni mfano wa Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yalikamilika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Kwetu, Bunge liliukataa Novemba 2016. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi maskini zaidi, tayari ilikuwa inauza Ulaya bila ushuru. Mkataba ulitaka tufungue soko, hatua kwa hatua kwa miaka 25, kwa asilimia 82.6 ya bidhaa kutoka Ulaya. Pia ulizuia kodi mpya kwa mazao yanayouzwa nje, isipokuwa kwa muda na kwa masharti.

Hapo ndipo korosho inapoingia. Viwanda vya kubangua vilijengwa Masasi na Newala miaka ya 1970, vikaja kufungwa, na korosho ikaenda ghafi India. Ushuru wa korosho ghafi ni moja ya nyenzo za kuhimiza ubanguaji hapa nyumbani. Nchi isiyoweza kupanga ushuru wake imejifunga mikono.

Lakini tusisubiri dakika ya mwisho. Makubaliano ya bandari kati yetu na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022. Wananchi wengi waliyasikia yalipokaribia kuridhiwa na Bunge, tarehe 10 Juni 2023.

Kwa hiyo, kila kamati imuulize mbunge wake mapema: Ni mkataba gani unakuja? Unasema nini juu ya mazao yetu? Tukitaka kujitoa, tunatokaje? Majibu yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, kwa lugha ambayo mkulima anaielewa.