Mashine Imesomea Wapi? Akili Mnemba katika Biashara za Arusha na Arumeru



Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa teknolojia katika biashara. Nitajibana kwenye kilimo cha Arumeru na utalii, kwa sababu biashara hizi mbili zinatuonyesha wazi kwamba akili mnemba hufaa pale ilipofundishwa kwa taarifa za mahali penyewe.

Nianze na nyanya. Mwaka 2014 mdudu kantangaze, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, alionekana kwa mara ya kwanza nchini katika kijiji cha Ngabobo, King'ori. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na kula nyama yake, akibakiza ngozi ya juu na ya chini. Akiwa humo, dawa ya kupuliza haimfikii vizuri, na shamba zima linaweza kuteketea. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, walipanda nyanya, wakaziwekea viwavi kwa makusudi, wakawa wanapiga picha majani tangu dalili za mwanzo. Picha hizo ndizo zilizoifundisha kompyuta kulitambua jani lililoshambuliwa.

Kwa kuku kazi ilikuwa chafu zaidi. Kuanzia Septemba 2020 hadi Februari 2021 zilikusanywa picha za kinyesi cha kuku, zilizopigwa kwa simu kwenye mabanda ya wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, na sampuli nyingine zikathibitishwa maabara. Kompyuta ikafunzwa kutofautisha kinyesi cha kuku mzima na cha mwenye kideri, koksidiosisi au salmonella. Programu za kufundishia mashine namna hiyo zinapatikana bure dunia nzima. Kinyesi cha Arumeru kilichopimwa maabara hakipatikani kokote mpaka mtu ainame bandani akichukue, na ndiyo maana nasema thamani yote imelala hapo.

Sasa utalii. Kampuni ndogo za safari zimeipokea akili mnemba kwa mikono miwili, na sizilaumu. Ofisi ya watu watatu pale Sakina inaweza kumjibu Mjerumani kwa Kijerumani safi usiku uleule, kabla hajaletewa bei na kampuni nyingine. Zamani hilo waliliweza wenye mawakala Ulaya. Faida hii ni ya kweli, ila haitakaa sana, maana jirani yako naye anayo.

Kasheshe huanza kwenye ratiba. Mgeni anakuletea safari aliyopangiwa na mashine: asubuhi Tarangire, mchana kreta ya Ngorongoro, jioni Kogatende kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara, tena mwezi Februari. Dereva yeyote mzoefu atacheka. Februari nyumbu wako kusini, Ndutu, wanazaa. Mageti hufungwa saa 12 jioni, na Kogatende haifikiki siku hiyo kwa gari lililoshuka kreta. Ada ya gari kushuka kreta nayo haimo kwenye hesabu. Mashine imesoma kurasa za matangazo, nyingi zikiwa zimenakiliana, na nyingine tumeziandika sisi wenyewe.

Hapa suala linakuwa la fedha. Tangu 2024 Google imekuwa ikiweka jibu lililotungwa na mashine juu ya orodha ya tovuti. Msomaji akitosheka nalo, tovuti yako haifunguliwi. Ukurasa uliojaa sifa za machweo ya savana haumwongezei chochote. Ukurasa unaoeleza barabara ya Ndutu inavyokuwa baada ya mvua za Machi, na saa ngapi utoke lodji ya Karatu ili uwahi kushuka kreta, mtu ana sababu ya kuutafuta.

Taarifa hizo tunazo, lakini ziko vichwani mwa madereva na kwenye sauti za WhatsApp. Kampuni hutunza risiti ya kila lita ya dizeli, ila saa gari lilipofika getini haiandikwi popote. Dereva akihamia kampuni nyingine, anaondoka na yote.

Jambo moja la sheria, kwa haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiibandika pasipoti ya mgeni kwenye programu ya akili mnemba ili ikujazie fomu, huenda umezituma taarifa zake nje ya nchi, na wa kuulizwa ni wewe. Waambieni vijana wa ofisini.

Nikirudi kwenye zile taarifa zilizo vichwani, napendekeza hivi: Aprili na Mei, magari yakiwa yamepaki, kila kampuni ikae na madereva wake waandike hali ya barabara, muda wa kufika kila geti na walipo wanyama, mwezi kwa mwezi. Walipwe kama wako safarini, kwa kuwa wanachotoa ni mali. Wenye maduka ya pembejeo nao watunze picha za majani wanayoletewa, pamoja na tarehe, kijiji na dawa waliyouza. Fomu ya mfano nimeigawa. Naomba mjadala uanzie kwenye posho ya madereva, maana najua wamiliki watapingia hapo.