Sukari ya Mimba Ikishaondoka, Moyo Je?

Uwe sokoni Kitale, shambani Kiminini au jikoni kule Kimilili na Bungoma, hebu sogeza redio karibu kidogo.

Leo nazungumza na akina mama ambao walipokuwa na mimba waliambiwa sukari yao imepanda. Pengine ulibadilishiwa chakula, pengine ulidungwa insulini. Ukajifungua salama, ukapimwa, ukaambiwa sukari imeshuka. Ukamshukuru Mungu, ukaweka kijitabu cha kliniki kabatini. Kumbe kazi ilikuwa bado.

Wakati wa mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazozuia insulini kufanya kazi yake vizuri. Mwili wa mama mwingine hutengeneza insulini zaidi na kushinda kizuizi hicho. Wako ulilemewa. Kondo likitoka, sukari hushuka, lakini ule udhaifu wa mwili hubaki. Mama aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake ambaye hakukipata. Na hili halisemwi sana: hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi ni karibu mara 2, na huanza kuonekana ndani ya miaka 10 baada ya kujifungua. Hata asipopata kisukari tena, moyo wake bado unahitaji kuangaliwa.

Kwa nini moyo? Insulini isipofanya kazi vizuri, ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta na kuyamwaga katika damu. Kolesteroli mbaya nayo hujishika polepole kwenye kuta za mishipa mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Huumwi popote. Na usidhani ni ugonjwa wa watu wanene. Mama mwembamba anaweza kuwa nao.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Mtoto akizaliwa, wageni huja kumwona. Wanabeba nini? Sukari, unga, na mafuta ya kupikia yale ya kuganda. Mama mkwe anapika uji mtamu sana ili maziwa yatoke, na supu ya kuku inayoelea mafuta. Nia ni njema kabisa. Lakini sukari haileti maziwa, mama. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na wewe kunywa na kula vya kutosha. Halafu kuna wale wanaosema sukari guru haina madhara kwa sababu inatoka kwenye miwa yetu. Hiyo ni sukari tu, hata kama inauzwa Chwele na siyo dukani.

Nyanya, msaidie huyu binti. Mpikie mrenda, sagaa, kunde, maharagwe na omena. Ugali uwe kipande kidogo, mboga ziwe nyingi. Toa malai kwenye maziwa, na ngozi na mafuta kwenye kuku. Tumia mafuta ya maji, kidogo, na yaliyokaangia mandazi jana yasirudishwe jikoni leo. Mwache anyonyeshe, kunyonyesha kunampunguzia yeye mwenyewe hatari ya kisukari. Akipata nguvu, atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Wewe unayelima kila siku, jembe lako linahesabika. Nasema zaidi na mama anayekaa dukani kutwa.

Na vipimo? Mtoto anapelekwa chanjo akiwa na wiki 6. Siku hiyo beba kijitabu chako, mwambie muuguzi: "Nilikuwa na kisukari cha mimba, naomba nami nipimwe." Kipimo chenyewe, unatolewa damu kabla hujala, unakunywa maji ya glukosi, kisha unatolewa tena baada ya saa 2. Kwa hiyo uliza mapema ufike lini bila kula. Baadaye rudia kila mwaka, au isizidi miaka 3, na upimwe presha kila ukifika kliniki. Kolesteroli hupanda yenyewe wakati wa mimba, basi usiikimbilie mara tu baada ya kujifungua. Mwulize daktari akupangie miezi michache baadaye. Ukipata mimba nyingine, sema siku ya kwanza ya kliniki.

Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata, maumivu ya taya au mgongo, kichefuchefu na jasho baridi, usiseme ni vidonda vya tumbo ukalala. Wanawake wengi huchelewa hapo. Tafuta gari usiku huo huo ufike hospitali.

Wiki ijayo nitajibu maswali yenu kuhusu presha wakati wa mimba. Kwaherini kwa sasa.