Brigedi ya Helikopta na Wanaoikimbilia

Brigedi ya helikopta ni kikosi cha jeshi chenye kazi tatu: kushambulia, kubeba askari na mizigo, na kuwaokoa majeruhi. Katika jeshi la Marekani, batalioni ya mashambulizi huwa na helikopta 24 za Apache, na ya kubeba askari huwa na Black Hawk 30. Ya tatu ina Chinook 12 za mizigo mizito na helikopta za wagonjwa. Batalioni nyingine hairuki kabisa: ni ya mafundi, mafuta na vipuri, na bila hiyo zote zilizobaki ni vyuma vya kutazamwa tu.

Kongo imeona vipande vya mpangilio huo. Chini ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, Ukraine ilirusha helikopta za Mi-24 na Mi-8 hadi ilipoziondoa mwaka 2022. Mi-8 hubeba askari 24, au tani 4 za mizigo ndani yake. Mi-24 ni ya vita, lakini nayo ina nafasi ya askari 8. Afrika Kusini ilileta Oryx za usafiri na Rooivalk za mashambulizi, zenye watu wawili ndani, mzinga wa milimita 20 na roketi za milimita 70. Novemba 2013 Rooivalk zilipiga ngome za waasi wa M23 huko Chanzu. Silaha hizo zote hazizuii ajali wala risasi: tarehe 29 Machi 2022, helikopta ya Puma ya Wapakistani wa MONUSCO ilianguka Rutshuru na kuua watu 8.

Hata kutua kuna hatari, na rubani hatui peke yake. Mhudumu wa ndani hutazama nyuma na pembeni, na askari aliye ardhini huwazuia watu. Huyo wa ardhini ndiye anayedharauliwa kila mara. Mngurumo ukisikika tu, mpira unaachwa uwanjani, mama anaacha mihogo aliyoanika, na vijana wanakimbia simu mkononi. Kukimbilia wapi? Pangaboi la mkia likizunguka halionekani, na anayepita nyuma ya mashine analiingia bila kuliona. Mtu mzima anayesema "nitainama" hajui anachokisema.

Penye mteremko, na Kambove, huko Haut-Katanga, ina vilima vya kutosha, hatari iko upande wa juu. Pangaboi kubwa la Mi-8 lina kipenyo cha mita 21 hivi. Anayeshuka kilima kuifuata helikopta anakutana nalo usawa wa kichwa, wakati aliye chini ya mteremko ana nafasi. Likipungua kasi ndipo linapolegea na kuinama zaidi, na ndipo umati unapodhani hatari imekwisha. Haijaisha mpaka lisimame kabisa.

Upepo wa pangaboi hung'oa mabati yasiyopigiliwa vizuri na kurusha mchanga machoni. Kofia ikipeperuka iachwe iende. Anayeifukuza ndiye anayeishia chini ya mkia, na hilo lisemwe tena, kwa kuwa kosa hilo hurudiwa kila mahali helikopta inapotua.

Anayeruhusiwa kusogea ni aliyeitwa na mhudumu, kutoka mbele, machoni pa rubani. Wengine wote wakae angalau mita 50, watoto wakiwa wameshikwa mikono.