Majibu Yaandikwe Kabla ya Maswali



Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwa tanuru refu la udongo liitwalo ilungu. Tanuru hilo halikuhitaji watu wa kuvuta mivukuto usiku na mchana. Mkaa na mawe yenye chuma yakiisha kupangwa, na moto ukiisha kuwashwa, hewa iliingia yenyewe kwa matundu yaliyoachwa chini, na kazi ikaendelea. Mgeni asiyefahamu angeweza kudhani kwamba mafundi wale walikuwa wavivu. Ukweli ni kwamba jasho lao lilitangulia moto. Waliteua mawe, wakachoma mkaa, wakapima matundu. Na kosa lililofanywa kabla ya moto halikuweza kusahihishwa baada ya moto.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala jambo linalozungumzwa hapa, nalo ni kusakinisha mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta nyingi kwa amri zilizoandikwa, bila ya mtu kukaa mbele ya kila mashine.

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba shule moja ya Pito, katika Manispaa ya Sumbawanga, imepewa kompyuta 20 zilizokwisha kutumika maofisini. Mashine ni nzima, lakini mfumo uliomo ni wa zamani. Debian, ambayo ni mojawapo ya mifumo ya Linux, hupatikana bila malipo, na sheria ya leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza na kuigawa. Kwa hiyo fedha si kikwazo cha kwanza. Kikwazo ni kazi. Kisakinishi huuliza: lugha gani, kibodi gani, mashine iitwe nani, mtumiaji awe nani, diski igawanywe vipi, programu zipi ziwekwe. Ikiwa maswali ni 15, basi mashine 20 zinadai majibu 300. Mwalimu aliyechoka atakosea mahali fulani, na mwisho wa juma shule itakuwa na kompyuta 20 zisizofanana. Yule atakayeitwa kuzitengeneza hatajua aanzie wapi.

Njia iliyo bora ni kuyaandika majibu yote mara moja katika faili moja la maandishi. Watu wa Debian hulipa faili hilo jina la preseed.cfg. Halina uchawi. Kila mstari una sehemu nne: nani anayeuliza, swali lenyewe, aina ya jibu, na jibu. Mstari wa saa za nchi, kwa mfano, husomeka hivi:

d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam

Mwalimu anayeweza kutunga ratiba ya vipindi anaweza kulifahamu faili hilo. Likiisha kuandikwa, huwekwa katika kompyuta moja itakayowahudumia wenzake kwa waya wa mtandao wa chumba kile kile. Kila mashine inapowashwa na kisakinishi, mtu huandika neno auto na anwani ya faili, kisha huenda kwenye mashine ya pili. Kompyuta hiyo hiyo inaweza pia kutunza nakala za programu kwa kutumia apt-cacher-ng. Hivyo programu iliyokwisha kuteremshwa kutoka intaneti kwa ajili ya mashine ya kwanza haiteremshwi tena kwa ajili ya nyingine 19. Mahali ambapo kila kifurushi cha data kinanunuliwa kwa fedha ya mfukoni, jambo hilo si dogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine huanzishwa upya na kupewa majibu yale yale.

Lakini ni lazima hatari yake nayo isemwe wazi, kwa sababu chombo kinachofanya kazi upesi hufanya na kosa upesi. Katika faili hilo unaweza kuwekwa mstari unaotoa idhini ya kufuta diski kabla mashine haijauliza. Katika kompyuta mpya mstari huo ni faraja. Katika kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu, yenye alama za wanafunzi na barua za miaka kadhaa, mstari huo ni msiba. Mashine haijui tofauti ya diski tupu na diski yenye jasho la watu. Imeambiwa ifute, nayo itafuta.

Kwa sababu hiyo busara inataka maswali yote yajibiwe mapema isipokuwa hilo moja. Mstari wa kuthibitisha mgawanyo wa diski ukiachwa nje, kisakinishi kitasimama hapo na kumngoja binadamu. Naye atatazama diski, atauliza kama kuna kilichosahauliwa, kisha atabonyeza ndiyo. Gharama yake ni dakika moja kwa kila mashine, na dakika 20 ni bei ndogo kwa kazi isiyoweza kurudishwa.

Yako mambo mengine matatu ya kuzingatiwa. La kwanza, faili lipimwe kabla halijatumiwa. Amri ya debconf-set-selections -c hukagua kama mistari imeandikwa sawasawa, lakini haiwezi kujua kama majibu ni ya busara; hilo litajulikana kwa kujaribu katika mashine moja isiyo na kitu. La pili, maneno ya siri yasiandikwe wazi. Faili lililo katika mtandao husomwa na yeyote anayeijua anwani yake, wakiwamo wanafunzi wadadisi. Yaandikwe kwa umbo lililofumbwa, na yabadilishwe kazi ikiisha. La tatu, programu za ofisi zilizotengenezwa kwa mfumo mwingine zisilazimishwe kuhama kwa ushabiki. Kompyuta inayotegemewa na programu ya namna hiyo iachwe ilivyo mpaka mbadala wake upatikane na kuthibitishwa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa mjini, na kwamba kazi ya mwalimu ni chaki. Historia ya nchi hii inatoa jibu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zilizofuata zilitegemea sana wataalamu wa kigeni, matatizo ya hesabu yakawa makubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ubovu wa chuma haukuwa kiini cha matatizo hayo. Ujuzi wa kuziongoza mashine haukuwa umekaa mikononi mwa wenye nchi.

Ipo pia historia ya upande wa pili. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21, alipoitangaza kazi yake ya Linux mwaka 1991; na watu wa mataifa mengi wakaijenga kwa kuwa hawakukatazwa kuitazama ndani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na za hesabu zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria.

Faili la majibu lina faida moja inayozidi hata kuokoa muda. Fundi anayesakinisha kwa mkono huondoka na ujuzi wake kichwani. Akihamishwa au akistaafu, ofisi hubaki yatima, na atakayemrithi huanza kwa kubahatisha. Lakini faili ni kumbukumbu ya maandishi. Linaonyesha kila uamuzi uliofanywa, na mwalimu mpya anaweza kulisoma, kulisahihisha na kulipeleka shule ya jirani. Kila mstari unaotiwa alama ya reli mwanzoni husomwa na binadamu tu, na mashine huuruka. Hapo ndipo pa kuandika kwa Kiswahili fasaha sababu ya uamuzi: kwa nini diski iligawanywa hivi, nani aliidhinisha, tarehe gani.

Basi shule au ofisi yenye kompyuta zaidi ya tatu na iweke utaratibu. Mashine ya kwanza isakinishwe kwa mkono na watu wawili, mmoja akibonyeza na mwingine akiandika kila swali na kila jibu. Kutokana na daftari hilo faili litungwe, lijaribiwe, kisha litumike. Nakala moja ibaki katika kompyuta, nyingine katika flashi, na ya tatu ichapwe na kutiwa jaladani pamoja na hati nyingine za ofisi. Siku atakapokuja mtu mwingine kukaa katika kiti hicho, akabidhiwe funguo, orodha ya vifaa, na karatasi hiyo.