NYAMA CHOMA BILA KUJITENGA

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wetu wa mwaka hapa Lisekese, Masasi)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Waandalizi wamenipa saa mbaya, maana moshi wa nyama unatufikia hapa na naona wengine mmeshageuza shingo. Sitawachelewesha. Wala sikuja kuwakataza nyama. Mimi mwenyewe nimechangia fedha ya mbuzi yule.

Nianze na kosa langu. Mwaka jana sikuja. Nilimwandikia Katibu kwamba nimebanwa na kazi za ofisi. Haikuwa kweli. Miezi miwili kabla nilikuwa nimepimwa na kukutwa na shinikizo la damu, nikaambiwa nipunguze chumvi, mafuta na pombe. Nikajiuliza: nitakwenda Masasi kufanya nini, kuwatazama wenzangu wakila? Nikabaki nyumbani. Siku ile mwenzetu mmoja, niliyelala naye bweni moja miaka minne, aliniulizia kwa kila mtu, akanitumia salamu. Huyo hatunaye tena. Tulimzika mwezi wa tatu. Mkutano ule ndio uliokuwa wake wa mwisho, nami niliukosa kwa kuogopa sahani ya nyama.

Nilipomweleza daktari wangu habari hii alitikisa kichwa. Akasema, "Nilikuambia upunguze chumvi. Sikukuambia upunguze ndugu." Tangu hapo nimejifunza mambo matano, nayo ndiyo niliyowaletea.

Kwanza, usije na njaa ya tangu jana. Mwenye njaa hapimi. Kula asubuhi kama siku zote, na ufikapo jikoni anza na kachumbari na mboga. Sahani yako igawe: nusu iwe mboga, robo iwe muhogo, ndizi au ugali, na robo iliyobaki ndiyo ya nyama. Wataalamu wa kuzuia saratani wanashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500, ikiwa imekwisha pikwa, kwa wiki nzima. Wengine wetu humaliza kiasi hicho kabla jua halijazama.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo ndani ya chakula. Nyama ikilazwa katika ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili itapata ladha ya kutosha kwa chumvi kidogo sana. Kile kichuguu cha chumvi kinachowekwa pembeni mwa sinia tukiondoe. Anayekitaka atakiomba.

Tatu, moto. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi, na moshi ule hurudi kushika nyama. Nyama iliyoungua nayo hufanya kemikali zinazohusishwa na saratani. Basi kata mafuta mapema, ngoja makaa yavae jivu, geuza nyama mara kwa mara, na palipoungua pakate utupe. Lakini kuogopa kuunguza kusitufanye tule nyama mbichi. Nyama ya nguruwe isiyoiva huambukiza tegu, na kuku lazima aive hadi mfupani. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse iliyoiva. Soseji nazo zisiwe chakula cha kila siku: Oktoba 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nne, vya kwetu. Tulipokuwa shuleni tulinung'unikia kunde, mbaazi na kisamvu, tukiota nyama. Kumbe bwana stoo alikuwa akitutendea wema asioujua! Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingiza nchini mwake, bei ilianguka na wakulima wa huku Kusini waliumia. Zao hilo tunalolililia soko ng'ambo, katika sherehe zetu wenyewe halionekani. Naomba mwakani pawe na sufuria ya mbaazi kando ya jiko la nyama, na bakuli la korosho zisizotiwa chumvi. Na msimu ukiwa wa mabibo, basi mabibo mabichi, yenye vitamini C kupita chungwa.

Tano, kinywaji. Chupa moja ya soda ina sukari zaidi ya gramu 30. Maji ya ndimu au ya ubuyu yasiyojaa sukari yanatosha. Anayekunywa pombe na aweke kipimo kabla hajaanza, kwa kuwa akishaanza kipimo humponyoka. Gongo silitaji mbele ya wadogo zetu.

Najua mtani mmoja atasimama aseme: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nakubali. Lakini mla leo naye anapenda ale na mwakani.

Wazee wetu mwaka 1973 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 wakaifuata ya Chakula ni Uhai. Vita yao kubwa ilikuwa upungufu. Sisi upungufu haujatutoka, na shibe nayo imeanza kutuua.

Nina maombi mawili. Kamati iweke mwakani meza ya kupimia shinikizo la damu na sukari hapo langoni. Wengi wetu hatujui tulivyo. La pili ni lenu nyote. Mkimwona mwenzenu ameshika glasi ya maji na mishikaki miwili, msimwulize kama ameokoka wala kama ameishiwa. Msogezeeni kiti. Pengine imemgharimu sana kufika.

Ninyi vijana, saa kumi tunawasubiri uwanjani kwa mpira. Tutafungwa, lakini tutakimbia.

Naona mpishi ananipungia mkono.