Mama Aliyeketi Mlangoni

Jioni ya leo twataka kunena habari ambayo wengi huona haya kuitaja, nayo ni ya wanawake wasioweza kuuzuia mkojo. Wazee mlio karibu na redio, tafadhali msiwafukuze watoto wakubwa, nao wasikie.

Katika kijiji tulichopata kufundisha, palikuwa na mama mmoja ambaye kila Jumapili aliketi nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na kabla ya sala ya mwisho alitoka. Twalidhani ana kiburi. Kumbe alitoka mapema ili apate kupangusa mahali alipoketi watu wasione.

Baadaye alimweleza mke wa mmoja wetu maisha yake. Alikuwa na vipande sita vya kanga kuukuu. Alijipiga winda kwa kimoja, na vingine alivifua alfajiri, kabla wenzake hawajafika kisimani. Alivianika ndani ya nyumba, si uani, kwa hiyo wakati wa masika havikukauka, naye akavivaa vibichi. Alifukiza udi. Aliacha kwenda harusini na matangani. Tena hakunywa maji tangu asubuhi hata jioni.

Hili la maji mlishike sana, kwa kuwa wengi hulifanya. Mwanamke hudhani akinywa kidogo atavuja kidogo. Lakini mkojo wa mtu asiyekunywa maji huwa mkali. Huchoma ngozi ya mapaja ikababuka, na harufu huzidi. Afadhali anywe maji ya kutosha, aoge mara kwa mara, ajikaushe, ajipake mafuta mazito ya kuikinga ngozi.

Ugonjwa wake waitwa fistula. Huanza mtoto akwamapo njiani wakati wa kuzaliwa, pengine siku mbili tatu. Kichwa chake hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu isipite, na nyama iliyobanwa hufa. Baada ya siku chache hutokea tundu, mkojo ukavuja mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Basi mama hupata misiba miwili, na majirani humwongezea wa tatu, wakisema amelogwa au amezini. Huo ni uongo.

Tundu hilo hushonwa. Huko Addis Ababa, madaktari Catherine na Reginald Hamlin, mke na mume, walifungua mwaka 1974 hospitali ya ugonjwa huu. Mamitu Gashe, aliyefika kwao akiwa mgonjwa asiyejua kusoma, alijifunza kazi hiyo hata akawafundisha madaktari. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewashona wanawake wengi bila kuwatoza fedha.

Mama akianza kuvuja baada ya kuzaa, asingoje arobaini iishe. Apelekwe hospitali upesi. Tundu dogo huweza kujifunga lenyewe akiwekewa mpira wa mkojo kwa majuma kadhaa.

Wako wengine wasio na tundu, bali hutokwa na matone wakikohoa, wakicheka au wakijitwika mtungi. Misuli yao ya chini imelegea. Na waibane kama mtu azuiaye mkojo, wahesabu hata tano, waachilie. Wafanye hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandika mazoezi ya namna hii mwaka 1948.

Mama yule alikaa na ugonjwa wake miaka kumi na mmoja. Wifi yake ndiye aliyeuza mbuzi wawili wapate nauli. Alirudi mkavu, na Jumapili ya kwanza alikaa kanisani hata sala ya mwisho, ingawa kwa mazoea aliketi palepale mlangoni.