Utafiti wa Wanafunzi wa Udaktari Usiishie Kabatini

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali wa Tarafa ya Mkuyuni, Mkoa wa Morogoro)



Mwaka 1869 kijana mmoja wa Kijerumani, Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliandika tasnifu juu ya kongosho. Alikiweka kiungo hicho chini ya hadubini, akaona vikundi vidogo vya chembe hai vimetawanyika mithili ya visiwa baharini. Kazi ya visiwa hivyo hakuijua, na hakuona haya kusema kwamba haijui. Tasnifu yake ilipigwa chapa na kuhifadhiwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kifaransa, Laguesse, aliirejea na kuvipa visiwa hivyo jina la Langerhans. Na mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, daktari Banting pamoja na kijana Best, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza, walifanya majaribio yaliyoleta dawa ya insulini. Mgonjwa wa kisukari anayechomwa sindano hiyo leo, awe Berlin au Matombo, hunufaika na daftari la mwanafunzi.

Watu husifu akili ya kijana yule, nao wana haki. Lakini yafaa ikumbukwe pia kwamba kijana huyo alikuwa na hadubini, alikuwa na walimu wa kumsimamia, na kazi yake haikutupwa.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa Kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na mwaka 2007 Muhimbili ikawa Chuo Kikuu kamili cha afya. Vyuo vingine vimekwisha simama Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Maelfu ya vijana wanasomea udaktari nchini, na wengi wao hutakiwa kufanya utafiti kabla ya kuhitimu. Hiyo ni nguvu kazi kubwa mno. Swali ni je, inafanya kazi ya nani?

Mwanafunzi asiye na nauli hufanya utafiti pale anapolala. Atachagua wodi iliyo karibu na bweni lake, atajaza karatasi za maswali, ataandika taarifa, atapewa alama, na taarifa itafungwa kabatini. Hafai kulaumiwa. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imeweka gharama za utafiti miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi aweza kukopeshwa, na hilo ni jema. Lakini mkopo ni deni, na si haki kumtaka kijana akope ili Taifa lijue linaugua nini. Matokeo yake ni kwamba maswali huulizwa juu ya wagonjwa waliofika hospitali kubwa. Wale ambao hawakufika hawaulizwi habari zao.

Wilaya ya Morogoro Vijijini inaijua vizuri tofauti hiyo. Kuanzia mwaka 1992 wilaya hii ilikuwa mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo watu waliofunzwa kazi hiyo walikwenda nyumba hadi nyumba, wakihesabu vifo na kuwauliza wafiwa marehemu alikuwa na dalili gani. Wengi walikuwa wamefia nyumbani. Hesabu hizo zilipolinganishwa na bajeti ya afya ya wilaya ya mwaka 1996, ilionekana kwamba malaria peke yake ilisababisha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Mradi wa Wizara ya Afya na taasisi ya Kanada, uliofanyika Morogoro na Rufiji, uliwasaidia wakuu wa afya wa wilaya kuzielekeza fedha kule vifo vilikokuwa. Katika muda wa miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo, wala hapana aliyegundua dawa mpya. Palikuwa na maswali sahihi, na majibu yaliyomfikia mwenye kalamu ya kuidhinisha matumizi.

Gharama za kazi hiyo, hata hivyo, zilitegemea sana fedha za Uingereza na Kanada, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 miradi hiyo ilikuwa imekwisha. Utafiti umezoewa kuonekana kama jambo la wageni wenye magari. Gari likiondoka, maswali nayo huondoka. Mwanafunzi wa Kitanzania, anayezijua mila na lugha, anayeweza kupanda basi la kutoka mjini kupitia Kiroka na kulala kwa mwalimu, ndiye angeweza kuyaendeleza.

Maswali hayakosekani. Mito inayotelemka kutoka Uluguru kuelekea Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam, na milima hii imo katika maeneo ya ugonjwa wa usubi nchini. Ni watoto wangapi wa darasa la pili wana kichocho? Ni mama wangapi hujifungulia nyumbani wakati wa masika, na je, ni njia inayowazuia au ni jambo jingine? Walimu wana daftari la mahudhurio, na kituo cha afya kina rejesta za MTUHA. Kuweka madaftari hayo mawili mezani, mwezi kwa mwezi, na kutazama kama watoto hutoroka shule au huugua, ni utafiti kamili. Hauhitaji maabara.

Wako watakaosema mwanafunzi ajifunze kwanza kutibu, utafiti atafanya akiwa bingwa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mgonjwa hatibiwi kwa takwimu. Lakini daktari asiyezoezwa kuuliza kwa nini ugonjwa uleule hurudi kila mwaka katika kijiji kilekile atatoa vidonge vilevile mpaka siku ya kustaafu. Wengine wataogopa kwamba vijana watawasumbua wafiwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa kamati za maadili: mwananchi aelezwe, aridhie, na awe na haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu.

Watumishi waliomo ukumbini wana sehemu yao. Mwanafunzi hupewa wiki chache tu. Barua yake ya ruhusa ikikaa wiki mbili kwenye trei ya ofisi, utafiti umekwisha kabla ya kuanza. Tabibu wa kituo cha afya anayemsimamia kijana huyo atambuliwe kwa maandishi kuwa mwalimu wake, kwa maana ndivyo alivyo. Walimu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa namna ya kushiriki: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, na walimu walikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Linabaki suala la lugha. Taarifa za wanafunzi huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo vyuo vinavyotaka, na hata wanafunzi wa Muhimbili walipoanzisha jarida lao waliliandika kwa lugha hiyo. Si kosa, dunia nayo ina haki ya kusoma. Ila hapana sababu ya kumpa mwanafunzi alama za mwisho kabla hajaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza aliuliza nini, aliona nini, na nini hakukijua. Nakala moja ibaki katika kituo cha afya, ya pili kwa mwalimu mkuu, na ya tatu kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ili Halmashauri inapokaa kupanga bajeti pawe na mtu wa kuisoma kwa sauti.